Densi ya tumbo Dodoma: anza na magoti, kiuno kitafuata

Anayejua kukata mauno hudhani densi ya tumbo ameshaimaliza. Bado. Kwenye unenguaji wa bendi mwili mzima unasaidiana. Kwenye raks sharki, yaani densi ya tumbo ya Misri, kiungo kimoja kinafanya kazi na vingine vinanyamaza. Hapo ndipo wengi hukwama wiki ya kwanza, hata waliokulia kwenye chakacha.

Fundisha kwanza nyonga ya kudondosha. Uzito wote uwe mguu wa kulia, goti limelegea kidogo. Mguu wa kushoto uwe mbele nusu hatua, kisigino juu. Nyoosha goti la kushoto: nyonga inapanda. Lilegeze ghafla: inadondoka. Kiuno hakijafanya kitu. Mwekee mwanafunzi daftari kichwani. Likianguka, ujue anarusha bega. Akibinua makalio, mwambie avute kitovu ndani kidogo, mkia wa mgongo uelekee chini. Asiporekebishwa, baada ya nusu saa mgongo utamuuma naye atailaumu densi. Mara 16 kila upande, kisha apumzike.

Mtetemo nao ni magoti: moja linanyooka, jingine linakunjwa, kwa zamu. Polepole kwanza. Anayekimbilia kasi hukaza mapaja, na paja lililokazwa halitetemeki.

Kanga ifungwe nyongani, siyo kiunoni, fundo ubavuni. Mkanda wenye vidani vinavyolia uje baadaye. Ule mlio unamdanganya mwanafunzi kwamba anacheza. Asubuhi za Juni na Julai, Dodoma ikiwa na baridi, misuli ipashwe moto dakika 15 badala ya 10.

Bila kuijua ngoma hutafika mbali. Dum ni pigo la katikati ya ngozi, tek ni la ukingoni. Mdundo wa maksumu una hesabu 8: dum kwenye 1 na 5, tek kwenye 2, 4 na 7, kwingine kimya. Ule wa saidi, wa kusini mwa Misri, unaochezwa na fimbo, unaweka dum kwenye 1, 4 na 5, tek kwenye 2 na 7. Tofauti ni hiyo 4 tu, lakini asiyeisikia hudondosha nyonga pasipo pigo. Pigeni makofi kabla ya kucheza. Mama wa Kigogo aliyezoea kubana ngoma ya muheme mapajani hahitaji maelezo mengi hapa.

Ukianza kutunga, piga hesabu. Wimbo wa dakika 4 wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 480, yaani vifungu 60 vya mapigo 8. Usitunge vitu 60! Miondoko 10 hadi 12 inatosha, ikirudiwa kwa kubadili upande, kasi na mahali pa kusimama. Acha vifungu viwili vitatu vya kusimama tuli ukitetemesha nyonga peke yake. Kosa la watunzi wapya ni kujaza kila pigo, mtazamaji akose pa kupumzisha macho.

Kwenye send-off na kitchen party, kubaliana mapema kuhusu vazi. Kwa familia nyingi gauni refu lililobana nyonga linakubalika kuliko tumbo wazi, na densi haipungui. Sidiria ya vazi ishikwe kwa kulabu mbili na pini juu yake, maana kulabu moja hukatika wakati wa mtetemo. Shela ya shifoni ya mita 2.5 hadi 3 ni ya ukumbini. Nje, upepo wa Dodoma utaibandika usoni.

Fika mapema utembee peku jukwaani: vigae vilivyomwagikiwa soda vinateleza. Muziki uwe kwenye flashi na kwenye simu, na umwambie DJ kwa mdomo wimbo unaishaje, la sivyo ataukata katikati MC akianza kuongea. Nusu ya malipo ichukuliwe siku mnayopatana, iliyobaki kabla hujavaa. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwe nao. Waandaaji makini huuliza.

Kuhusu kutunzwa: mpe msaidizi kikapu, atembee hatua mbili nyuma yako, na MC atangaze kwamba pesa zinawekwa humo. Asipotangaza, watu watakuja kuzichomeka kwenye mkanda.