Mlokole kati ya majirani Wamormoni, Utah

Ukiwakaribisha Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, anza na mlo, mjadala baadaye. Usiwape kahawa, pombe wala chai ya majani. Maji ya tangawizi yanatosha. Usiwaalike Jumatatu jioni, ambayo ni ya familia, wala Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo kwa kawaida hufunga. Vazi lao la ndani la hekaluni, ambalo kwao ni takatifu, usilitanie kamwe. Utani huo mmoja huvunja ujirani.

Imani ikiguswa, tatizo ni kwamba nyote mnasema "neema", na kila mmoja anadhani ameeleweka. Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu, katika 2 Nefi 25:23, kinaiweka neema hiyo baada ya yote tuwezayo kufanya. Muulize jirani mwenyewe anauelewaje mstari huo (majibu hutofautiana sana), amalize, ndipo ufungue Waefeso 2:8-9, isemayo tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Kuanza na mitala ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, ni kufunga mlango.