Kabla kikundi chenu hakijanunua upepo

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaonunua, kuanika na kusafirisha dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Kazi yangu ni daftari na sanduku la kufuli tatu. Naandika haya kwa sababu maneno ya "wekezeni kwenye umeme wa upepo" yameanza kuzunguka kwenye vikundi vya kando ya ziwa, na anayeyaleta huja na kipeperushi chenye picha nzuri pamoja na hesabu ya faida iliyokwishapigwa. Upepo siupingi. Ila mtu wa namna hiyo nina utaratibu wangu wa kumhoji, na kikundi chochote kinaweza kuutumia.

Upepo kwanza, fedha baadaye

Swali la kwanza si "hisa moja bei gani?" Ni hili: upepo umepimwa wapi, kwa urefu gani, na kwa muda gani? Akijibu kwamba Kigoma inajulikana kwa upepo, mkaribishe chai na kikao kiishe.

Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda haraka mno kuliko kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane, maana ni mbili mara mbili mara mbili. Upepo wa mita 4 kwa sekunde hupitisha wati 35 hivi katika kila mita moja ya mraba. Wa mita 8 hupitisha kama wati 280. Na hakuna mtambo unaochukua zote. Mjerumani Albert Betz alikwishaonyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba kikomo ni asilimia 59.3, na mitambo midogo tunayoletewa sisi huambulia kama robo tu, ikijitahidi sana theluthi. Kwa hiyo mita moja au mbili za kasi, ambazo mtu akisimama ufukweni hazisikii hata kwenye kanga yake, ndizo zinazotenganisha umeme na pambo la juu ya mlingoti.

Sisi wa ziwani tuna kipimo cha macho. Majani na vijiti vidogo vikitikisika bila kukoma, upepo uko kati ya mita 3.4 na 5.4 kwa sekunde. Mawimbi yenye povu jeupe yakionekana kila upande, uko kati ya 5.5 na 7.9. Sasa kaeni na wavuvi, muulizane ni miezi gani Ziwa Tanganyika huvaa povu hilo, na ni saa ngapi kwa siku. Watawaambia kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kutoka kusini mashariki ukishika. Mvua zikianza, mambo ni mengine. Hapo kuna kejeli ambayo sijaiona kwenye kipeperushi chochote: usiku wenye upepo wa kushibisha mtambo ndio usiku ambao boti zimelala, taa za kuvulia hazikuwashwa, na asubuhi hakuna dagaa. Mama anayetaka umeme wa friza anaupata siku ambayo hana cha kuweka ndani yake.

Wastani nao unadanganya. Chukua sehemu mbili. Ya kwanza upepo wake ni mita 5 saa zote. Ya pili upepo wake ni mita 2 kwa nusu ya muda, na mita 8 kwa nusu nyingine, kwa hiyo wastani wake pia ni 5. Kwenye karatasi zinafanana, lakini ukizidisha kila kasi kwa yenyewe, kisha kwa yenyewe tena, utaona ya pili ina nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa hiyo usikubali namba moja ya mwaka mzima. Dai namba za saa kwa saa, mwezi kwa mwezi.

Namna ya kuzipata ni hii. Kijana yeyote mwenye simu na bando afungue Global Wind Atlas, ramani ya bure iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, abonyeze kijiji chenu asome kasi. Hiyo inawaambia tu kama kuna haja ya kuendelea. Ikiwapa moyo, simamisheni mlingoti wenye anemomita, kile kifaa cha vikombe vinavyozunguka, na kiandike kumbukumbu mwaka mzima, masika na kiangazi. Mlingoti wa mita 10 unatosha kuanzia, lakini kadiri mtakavyofika karibu na urefu wa mtambo wenyewe ndivyo hesabu itakavyokuwa ya kweli. Kwenye eneo la wazi, kupanda kutoka mita 10 hadi 30 huongeza kasi kwa kama asilimia 17, na nguvu kwa kama asilimia 60.

Kisha kuna michikichi. Mafundi wana kanuni kwamba ncha ya chini ya panga la mtambo iwe juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 150. Mchikichi wa mita 15 basi unawadai panga lisishuke chini ya mita 24. Anayekuja na bomba la mita 8 la kufunga kwenye paa la ghala, huyo anauza kelele. Huku chini kwenye ghuba vilima vinakinga upepo. Wenzetu wa milimani, kwa mfano Manyovu, huenda wakawa na bahati zaidi, ingawa huko juu hewa ni nyepesi na hula kidogo ya faida.

Umri wa fedha yenu

Hili nalishikilia kuliko yote. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa huvunja mzunguko kila mwaka. Desemba tunafungua sanduku, tunagawana, Januari tunaanza upya, na mama anategemea fedha ile kwa ada na sare za shule. Mtambo wa upepo hutengenezwa ili uishi miaka 20 hivi. Fedha ya mwaka mmoja haiwezi kununua kitu cha miaka 20 bila mtu kuumia katikati. Desemba ikifika nusu ya wanachama watataka chao, na panga moja la mtambo haligawanyiki.

Kwa hiyo hisa za mzunguko zisiguswe hata kidogo. Anayetaka kuwekeza kwenye upepo aweke fedha ambayo ameshakubali haitarudi karibuni, kwenye chombo tofauti chenye katiba yake, ama ushirika uliosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 ama kampuni. Na anayewauzia watu wote hisa barabarani, nje ya kikundi, muulizeni kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mara nyingi swali hilo hufupisha mazungumzo.

Mgao nao uandikwe kama wa boti. Kila mtu hapa anajua kwamba usiku ukiwa mzuri, kwanza yanatolewa mafuta, kisha chombo, mashine na nyavu vinapata fungu lao, ndipo wanadamu wanagawana. Mtambo vilevile: fungu la betri, la vipuri, la bima na la fundi litoke kabla shilingi moja haijaitwa faida. Betri hasa. Zitakufa mara kadhaa kabla ya mtambo kuzeeka, na ndizo zinazokula miradi midogo kimyakimya.

Mtauza kwa nani?

Nchi zilizofanikiwa zinatajwa sana, nami nazitaja. Nje ya bandari ya Copenhagen, Denmark, mwaka 2000 ilisimamishwa mitambo 20 ya Middelgrunden, yenye megawati 40 kwa jumla. Nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000 wa kawaida. Huko Uskoti, wakazi wa kisiwa kidogo cha Gigha walinunua mitambo mitatu iliyokwishatumika, na mapato yakaenda kwenye mahitaji ya kisiwa chao. Mifano mizuri. Lakini pande zote mbili gridi ilikuwa pale pale, na mnunuzi wa kila uniti alijulikana kabla ya zege kumwagwa.

Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na sasa gridi ya Taifa inatufikia. Ni heri, ila kwa mwekezaji mdogo ni mshindani mkubwa. Tupige hesabu. Mtambo wenye mapanga ya mduara wa mita 3, mahali pazuri kiasi, tuseme unatoa wastani wa wati 200 usiku na mchana. Kwa saa 8,760 za mwaka ni uniti 1,752. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi. Uniti zako zote zikiuzwa kwa bei hiyo, umepata shilingi 175,200 kwa mwaka mzima. Hapo mlinzi hajalipwa.

Hesabu hiyo hugeuka pale tu mshindani wako akiwa petroli. Jenereta dogo hunywa nusu lita au zaidi kwa uniti moja, na kijiji kinachofikika kwa boti hulipia petroli hiyo na nauli juu yake. Huko upepo unaweza kusimama, hasa ukiunganishwa na sola, kwa sababu jua letu halina msimu mmoja kama upepo wa ziwa. Kusema kweli, kwa kikundi cha akina mama wenye friza mbili na taa za kuanikia, mimi ningeanza na sola peke yake. Upepo uje kama nyongeza ikiwa vipimo vitautetea.

Anayeota makubwa zaidi, ya kuiuzia gridi, apite EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kwanza aelezwe taratibu za wazalishaji wadogo, na asijenge kabla ya kuwa na mkataba wa mauzo. Pale Turkana nchini Kenya mitambo 365 ilikwisha kusimamishwa ikawa inangoja nyaya za zaidi ya kilomita 400. Umeme uliingia kwenye gridi Septemba 2018. Kampuni kubwa hustahimili kungoja hivyo. Kikundi hakistahimili.

Ardhi na majirani

Kenya hiyohiyo, mradi wa Kinangop wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 kutokana na mgogoro na wenyeji juu ya ardhi. Fedha zilikuwapo, na upepo ulikuwapo. Hapa ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo halmashauri ya kijiji ijadili, mkutano mkuu wa kijiji uitwe, muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi, hata kama ni shemeji yenu.

Na hapa ndipo umiliki wa pamoja una thamani ambayo haiingii kwenye daftari langu. Kelele za mapanga mtu huzivumilia kama zinamlipia. Za mtambo wa mgeni humkosesha usingizi. Fedha hubaki kijijini, barafu hupatikana bila kuivusha kutoka mjini, na vijana wawili watatu hujifunza ufundi. Upande wa pili, uamuzi wa watu wengi ni wa polepole, viongozi hubadilika, na kitu cha wote kikiharibika kila mmoja hungoja mwenzake.

Mambo ya kudai kwenye mkataba

Jina la fundi atakayepanda mlingoti kikiharibika kitu, na anakaa wapi. Akiwa Dar es Salaam, ongezeni nauli yake na siku za giza kwenye hesabu. Vipuri vinatoka nchi gani na huchukua muda gani. Kinga ya radi na waya wa ardhini, kwa maandishi. Kigoma hatuhitaji kufundishwa radi. Kiwango cha umeme kitajwe kwa uniti za mwaka, si kwa kilowati zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kilowati za boksi ni za upepo mkali ambao labda mtauona mara chache.

Kisha kipengele ambacho wauzaji hawakipendi: mwanachama anayehama, au anayefariki, hisa yake inathaminiwaje na nani anainunua. Na miaka ikiisha, nani analipa kuushusha mlingoti, na chuma chake ni cha nani. Likiwapo jibu la hayo mawili kwa maandishi, mimi nafungua daftari ukurasa mpya.