Nguo za Aliyebakwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufika Polisi

Hospitali kwanza. Aliyebakwa asioge wala asijisafishe, na afikishwe kwa daktari mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Asikubali kurudishwa nyumbani eti kwa sababu hana namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Matibabu hayangoji polisi. Hakikisha daktari amejaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya kubakwa, na kwamba mgonjwa amepewa nakala yake. Fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, itafuata.

Sasa nguo, na hapa naomba usome polepole. Tangu mwaka 2023, miili iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola ilipoletwa hapa Malindi na jamaa wakaitwa kutoa sampuli ili marehemu watambuliwe, watu wa mji huu wamezoea kusikia habari za vinasaba (DNA), lakini ni wachache wanaojua jinsi vinavyoharibika. Masika moja, binti wa jirani yetu alishambuliwa akitoka dukani jioni, mvua ikinyesha. Mama yake, mwanamke mwangalifu, alikataa katakata nguo zisifuliwe: alikunja dera na leso zikiwa mbichi, akazitia katika mfuko wa nailoni uliokuwa wa mkate, akafunga fundo na kuuweka juu ya kabati hadi askari aje. Askari alikawia siku kadhaa. Fundo lilipofunguliwa, harufu ilijaa chumba kizima, na dera lilikuwa limeota kuvu jeusi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Maabara haikupata kitu cha kulinganisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama yule kwamba unyevu ukifungiwa ndani ya nailoni, katika joto letu hili la pwani, bakteria na kuvu hustawi na kuvisambaratisha vinasaba.

Kwa hiyo, nguo ikiwa mbichi, ianike kivulini juu ya karatasi safi, mbali na jua na pasi, kisha itie katika bahasha ya kaki pamoja na karatasi hiyo, maana unywele au uzi uliodondoka umo humo. Kila vazi liwe na bahasha yake. Vaa glavu. Andika tarehe, saa na jina la aliyeifunga, na anayeipokea atie sahihi, kwa sababu wakili wa mshtakiwa atauliza kila mkono uliopitia.

Nguo zikiharibika, usikate tamaa: sheria ya Kenya inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake.

Aliyebakwa akiwa mtoto, usimhoji mara kwa mara. Usitume picha zake kwenye WhatsApp. Tena, wakija watu na bahasha ya fedha wakitaka mambo yamalizwe barazani, wakatalie, kwani Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuwapa wazee wala familia uwezo wa kuifuta kesi.