Kasoro za Kurithi: Mnyama wa Kitoweo na Mnyama wa Mbegu

Malipo ya korosho yakiingia, wafugaji wengi wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hutafuta mbuzi wa maziwa, na anayegombewa zaidi ni asiye na pembe. Hajeruhi wenzake, hanasi kwenye uzio, na hata mtoto anaweza kumshika wakati wa kukamua. Mapenzi hayo yana gharama yake. Kwa mbuzi wa maziwa wa kigeni kama Saanen na Toggenburg, kukosa pembe na kuzaa huntha ni jambo moja katika vinasaba. Huntha ni mbuzi aliyepaswa kuwa jike, akatoka na maumbile ya jinsia mbili, na hazai maisha yake yote.

Mbuzi akirithi nakala moja ya jeni hilo la kukosa pembe, anakosa pembe na ni mzima kabisa. Jike akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, anakuwa huntha. Dume mwenye nakala mbili hubaki dume, ila baadhi yao hawazalishi kwa sababu mirija ya kupitisha mbegu huziba. Ukipandisha beberu na jike ambao wote hawana pembe, na kila mmoja ana nakala moja, basi kwa wastani mtoto mmoja kati ya 8 atakuwa huntha, yaani unapoteza robo ya majike uliyoyategemea. Beberu akiwa na nakala mbili, hasara inafika nusu ya majike. Mwenye zizi haoni hesabu hii. Anachoona ni kwamba mbuzi wake "wanazaa madume tu".

Kinachowapoteza wengi ni kizazi cha kwanza. Mbuzi wetu wa kienyeji kwa kawaida wana pembe, jike na dume. Beberu wa Saanen asiye na pembe akiwapanda, karibu nusu ya watoto hawatakuwa na pembe na wote watakuwa wazima. Mfugaji anafurahi, anabakiza chotara wasio na pembe, anauza wenye pembe, kisha anatafuta beberu mwingine asiye na pembe ili kuongeza damu ya maziwa. Huntha huanza kuonekana hapo, miaka 2 au 3 baada ya mradi kusifiwa.

Kanuni ni fupi: katika kila upandishaji, mzazi mmoja awe na pembe. Njia nyepesi ni kuwa na beberu wa pembe. Hapo jike yeyote anafaa. Hakikisha kwanza kwamba huyo asiye na pembe kazaliwa hivyo. Aliyechomwa vichipukizi vya pembe utotoni ana kovu kwenye utosi, na kivinasaba ni mbuzi wa pembe. Kwa mtoto wa siku chache, pitisha kidole juu ya kichwa: wa pembe ana manyoya yaliyojisokota mahali pawili na ngozi iliyoshika mfupa; asiye na pembe, ngozi ya utosi hucheza.

Huntha mkague mapema, kabla hujamlisha pumba mwaka mzima ukisubiri joto lisilokuja. Inua mkia: uke ni mdogo kuliko kawaida, na kwenye ncha yake ya chini pana kinundu kama punje ya choroko. Wengine hutambulika baadaye kwa shingo nene, harufu ya beberu na tabia ya kupanda wenzao. Nyama yake haina tatizo lolote. Mpeleke buchani akiwa na uzito mzuri.

Je, ni haki kuendelea kuzalisha wanyama wenye jeni la namna hii? Jibu letu linategemea nani anaumia. Jike asiye na pembe mwenye nakala moja haumwi popote, na maziwa yake ni halali ya mwenyewe. Kumchinja kwa sababu ya jeni alilobeba ni kupoteza mali. Wajibu wa mfugaji ni kumchagulia mume.

Kuku kibete mwenye miguu mifupi sana ni habari nyingine. Jeni la ufupi huo likikutana nakala mbili, kijusi hufa ndani ya yai katika siku za mwanzo za kuatamiwa. Jogoo kibete kwa tetea kibete maana yake robo ya mayai yenye mbegu yamekufa kabla ya kuanza, na watu husingizia mama hakuatamia vizuri. Kuku wa manyoya yaliyopindia nyuma naye, akirithi nakala mbili, manyoya hukatika na hubaki karibu uchi, akitetemeka mvua za masika. Ukitaka kuwafuga kwa sura yao, oanisha mmoja wa namna hiyo na kuku wa kawaida. Kishingo usimchanganye na hawa: shingo yake wazi humsaidia kupoza mwili katika joto letu, na hata mwenye nakala mbili anaishi vizuri.

Kasoro ngumu zaidi ni zile zilizojificha, ambazo mbebaji haonyeshi dalili yoyote. Huku kusini mifugo ni michache, na si ajabu beberu mmoja kuhudumia kitongoji kizima. Kama amebeba jeni baya, nusu ya watoto wake nao wanalibeba, na akiwapanda binti zake, jeni hukutana. Mimba ya mbuzi ni miezi 5, na binti anaweza kushika mimba akiwa na miezi 6 hivi. Kwa hiyo beberu akitimiza mwaka mmoja zizini, binti wa kwanza wako tayari. Mbadilishane na kijiji kisicho na ukoo naye, au mwachisheni kazi. Madume ya kitoweo yahasiwe kabla ya miezi 3, maana wengine hupanda mapema kuliko mwenyewe anavyodhani.

Dume mwenye korodani moja, taya la chini fupi kuliko la juu au chuchu pacha zilizoungana asipewe kazi ya mbegu hata kama ana mwili wa kuvutia.

Kabla ya kulaumu ukoo, uliza dawa. Albendazole, dawa ya minyoo, hairuhusiwi kwa ng'ombe katika siku 45 za kwanza za mimba, na kwa kondoo na mbuzi epuka mwezi wa kwanza, kwani huweza kuleta vilema. Mtamba wa ng'ombe aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi ni tasa kwa kuchangia damu tumboni. Mama yake na ndugu zake hawana kosa. Mimba zikitupwa nyingi kwa wakati mmoja, mwite afisa mifugo achunguze brusela na homa ya Bonde la Ufa, na usishike kilichotoka kwa mikono mitupu.

Kwa wanaohimilisha ng'ombe, kazi imerahisishwa: muulize mhimilishaji herufi zinazofuata jina la dume. Kwa Friesian, TL ni dume aliyepimwa akakutwa huru na BLAD, kasoro ya kinga ya mwili ya ndama, na TV ni aliyekutwa huru na CVM, kilema cha uti wa mgongo. BL ni mbebaji wa BLAD, na CV ni mbebaji wa CVM. Umuhimu wake unaonekana kwa dume wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Alipandisha maziwa ya Friesian duniani, na akasambaza jeni ambalo, kwa makadirio yaliyotolewa 2016, liliharibu mimba zaidi ya 500,000. Hakuna aliyejua wakati huo. Anayejua leo na bado akauza hana udhuru.

Ndiyo maana tunakuwa wakali kwenye kuuza kuliko kwenye kufuga. Mnyama mwenye kasoro auzwe kwa bei ya nyama, na anunuliwe kwa nyama. Kumpeleka mnadani kama mbegu huku umenyamaza ni kumwibia mnunuzi miaka miwili ya malisho.

Vikundi vya kopa mbuzi lipa mbuzi viandike kwenye katiba zao mambo mawili: mtoto wa kulipia deni atajwe baba na mama yake na kama walikuwa na pembe, na jike aliyelipwa akibainika huntha kabla ya miezi 10, aliyelipa alete mwingine, na yule arudi kwake akauzwe buchani.