Kula na Kunywa Mvinyo kwa Kikundi Mjini Iringa

Mjini Iringa chakula kizuri na mvinyo mzuri hupatikana kwa nadra chini ya paa moja. Mgahawa unaojua kumpika kuku wa kienyeji hadi nyama ikaachana na mfupa mara nyingi huuza bia na soda tu, na duka lenye chupa nyingi za mvinyo halina hata kiti cha kukalia. Kwa hiyo marafiki wanaopenda kula pamoja hulazimika kupanga mambo mawili kwa wakati mmoja, tena kwa namna isiyomuudhi mwenye mgahawa.

Anzeni na idadi. Watu wanne hadi sita wanatosha kumaliza kuku mzima na chupa mbili, na bado wanaenea kwenye meza moja. Wakizidi hapo, maongezi hugawanyika na jiko dogo huelemewa. Mchango ukusanywe mapema kwa simu na mtu mmoja, ambaye ndiye atakayelipa, kwa sababu ubishi wa bili mbele ya mhudumu ni mchungu kuliko shubiri. Mtu huyo huyo aulize nani hatumii pombe na nani hali kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Ikiwa yupo asiyekula kitimoto kwa sababu ya dini yake, msitafute mgahawa unaoahidi kutenganisha masufuria. Tafuteni ambao haukipiki kabisa.

Chakula kiagizwe jana yake. Kuku wa kienyeji anahitaji kuchinjwa na kuchemshwa taratibu, na mama lishe aliyepewa taarifa mapema atawaandalia kitu ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ya ukutani. Kitimoto huuzwa kwa kilo, nanyi mtaje mapema kama mnakitaka kikavu au rosti, na kama kitaliwa na ndizi au ugali. Kuhusu samaki, perege na kambale wa bwawa la Mtera huletwa mjini kwa barabara ya Dodoma, hivyo swali la kuuliza ni wamefika lini, na si vibaya kuomba kuwaona kabla hawajakaangwa: matamvua yawe mekundu na macho yawe maangavu. Wakati wa mvua ulizeni uyoga wa porini, ule unaouzwa pembezoni mwa barabara kuu, maana ukipikwa na karanga unashinda nyama nyingi. Huo nao uagizwe kwa mpishi anayeufahamu, kwa kuwa uyoga si kitu cha kubahatisha.

Kwa kikao cha mchana cha kupanga hayo yote, mgahawa wa Neema Crafts unafaa sana. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapa ajira watu wenye ulemavu, na wahudumu wa mgahawa wake ni viziwi. Mtaagiza kwa ishara au kwa maandishi.

Sasa mvinyo. Dodoma iko umbali wa takriban kilomita 260, na zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza na chupa iliyovuka bahari wakati ya jirani ipo rafuni. Dukani, acheni chupa zilizopangwa dirishani zikipigwa na jua, kwa maana joto na mwanga huua ladha. Ombeni iliyohifadhiwa ndani, kivulini, na chagueni duka ambalo bidhaa zake hutoka haraka. Angalieni stempu ya kodi ya kielektroniki na muihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato. Kisha someni lebo kwa makini, kwa sababu wengi hununua mvinyo mtamu wakidhani ni mkavu, na utamu huo hauendani na nyama ya kuchoma yenye pilipili. Mwekundu mkavu uende na mbuzi au ng'ombe, mweupe mkavu uende na samaki, na kwa kitimoto mimi huchagua mweupe pia, ingawa wapo watakaonipinga.

Kabla ya kuingia na chupa zenu, ombeni ruhusa wakati wa kuagiza chakula, mkubaliane kama kuna malipo ya glasi, na mnunue soda au maji pale pale ili mwenye mgahawa asipate hasara. Bebeni kizibuo, kwani migahawa mingi haina. Mhudumu akiuliza kama mnataka ya moto au ya baridi, mwekundu uwe wa moto, yaani usiotoka kwenye friji. Katika baridi ya Juni na Julai Iringa hauhitaji kupozwa hata kidogo.

Ulanzi, pombe ya mianzi, una utaratibu wake. Hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, nao huchacha ndani ya saa chache: mtogwa, yaani ulanzi uliogemwa karibuni, ni mtamu na mwepesi, lakini ukilala unakuwa mkali na kuleta kichwa. Nendeni kilabuni mapema, salimieni kwa "Kamwene", salamu ya Kihehe, na mnunue kiasi kidogo mkiongeze. Mkitaka kuubeba, msikaze kifuniko cha chupa, kwa maana gesi yake huipasua. Msiuchanganye na mvinyo jioni moja.

Kikundi kikisafiri hadi Mbeya, utaratibu ni ule ule ila meza hubadilika: ulizeni wali wa Kyela, ndizi za Rungwe zilizopikwa na nyama, na samaki aina ya mbasa kutoka Ziwa Nyasa akiwepo.

Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya kizibo cha kwanza kutoka, kwa bajaji au kwa dereva asiyekunywa. Mvinyo uliobaki urudishiwe kizibo, ukae kwenye friji na unywewe ndani ya siku mbili au tatu. Ukichelewa, mwekundu huo bado unafaa kulainishia nyama ya ng'ombe usiku mmoja kabla ya kuipika.