Taulo kuukuu kwanza, masanduku baadaye

Ukiamua kupunguza vitu na una mbwa ambaye lazima pua yake itangulie kwenye kila sanduku, usimfungie nje abweke. Chukua taulo kuukuu kutoka kwenye rundo la vitu vya kutoa, litandaze sakafuni, tawanya juu yake chakula chake kikavu cha mlo huo (si cha nyongeza, atanenepa bure), kisha liviringishe kama mkeka na umpe. Atalisukuma kwa pua na kulikunjua kwa makucha huku wewe ukipanga vitu vyako kwa amani.

Siri iko kwenye kunusa. Mbwa anayetafuta chakula kwa pua anatumia akili yake yote hapo, na wengi wakimaliza hujilaza wenyewe. Akishazoea na kumaliza haraka, lifunge fundo katikati.

Haifai kwa mbwa anayetafuna na kumeza vitambaa, wala kwa mbwa wawili wanaogombania chakula. Na usilitegemee taulo likuangalizie mbwa ukifungua masanduku ya mambo uliyoyapenda zamani, kama kufuma, kushona au kuvua samaki. Hayo yafungulie mezani, mlango ukiwa umefungwa: uzi uliomezwa unaweza kuukunja na hata kuukata utumbo, na ndoana sina haja ya kuieleza. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.