Kupanga Tabia ya Madirisha ya Pidgin kwa Watumiaji wa Ofisi Moja

Anayeweka programu ya ujumbe katika kompyuta za ofisi nzima akumbuke kwamba wengi hawataifungua kamwe sehemu ya mipangilio, kwa hiyo atakalolichagua siku ya kwanza ndilo watakaloishi nalo. Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha mpakani Malaba, kati ya Uganda na Kenya, inayotumia Pidgin, programu isiyolipiwa.

Anza na karani wa matamko ya forodha, kwa maana yeye ndiye anayeumia zaidi. Akiwa anaingiza namba za makontena katika mfumo wa URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, dirisha jipya likaruka mbele na kunyakua kibodi, herufi alizokusudia kuziandika kwenye tamko zitaangukia katika mazungumzo, na iwapo wakati huo alikuwa akiandika nenosiri, huenda likamfikia mteja kabla hajainua macho. Kwake yeye, chagua mazungumzo mapya yafichwe daima, ili ujumbe ukifika ionekane ikoni tu pembeni mwa skrini. Katika kiongezi (plugin) cha arifa za ujumbe, hakikisha chaguo la kuinua dirisha limezimwa. Binafsi ningelizima kwa kila mtu.

Anayewafuatilia madereva wa malori ana haja iliyo kinyume, kwani kazi yake ni kujibu upesi. Asifichiwe mazungumzo, yakusanywe yote kama vichupo (tabs) katika dirisha moja, la sivyo kufikia saa nne asubuhi skrini itakuwa imejaa madirisha asiyoweza kuyatofautisha. Ikiwa pia yumo katika vyumba vya mazungumzo ya pamoja, chagua mpangilio unaoviweka katika dirisha lao peke yao. Meneja mwenye mazungumzo machache anaweza kuachiwa dirisha jipya kwa kila mtu anayezungumza naye.

Kompyuta ya kaunta inayotumiwa kwa zamu yataka uangalifu zaidi. Pidgin huhifadhi nenosiri katika faili la accounts.xml bila kulificha kwa namna yoyote, basi usiruhusu likumbukwe hapo, na uzime uhifadhi wa mazungumzo, ambao kwa kawaida huwa umewashwa. Habari za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019, na skrini iliyoelekea foleni ya watu si mahali pa kuonyesha maneno ya ujumbe.

Ukishaandaa mipangilio ya kila kundi katika kompyuta moja, funga Pidgin kabisa, kisha nakili faili la prefs.xml kutoka folda ya .purple hadi folda ya namna hiyo ya kila mhusika. Usinakili folda nzima, maana akaunti na manenosiri yatakwenda pamoja nayo. Watumiaji wanaolazimika kutumia akaunti moja ya kompyuta wanaweza kutengewa folda zao kwa kuianzisha programu kwa amri ya pidgin -c ikifuatwa na anwani ya folda.